Bundi Ukutani Haneti: Mafunzo Niliyopata

Mimi ni mchoraji wa kuta. Nimechora vibao vya maduka ya vipuri vya pikipiki, nimechora kuku wa kukaanga kwenye migahawa ambayo haikuwa na kuku, na ramani ya Afrika nimeichora kwenye shule nyingi kuliko ninazozikumbuka. Katika kazi hii mteja ndiye mwenye wazo, wewe una mkono. Kwa hiyo shule moja ya Haneti iliponiita nipambe chumba cha maktaba, nilikwenda na makopo yangu bila maswali. Mwalimu alikuwa na picha tayari, ameikata kwenye kitabu cha Kiingereza: bundi mnene mwenye miwani, kofia ya mahafali kichwani, amekalia rundo la vitabu. Alimtaka huyo juu ya mlango.

Kamati ya shule ikakataa. Mzee mmoja aliuliza kwa upole ule wa Kigogo ambao huchoma kuliko kelele: "Mwalimu, unataka watoto wasome, au unataka tuanze kuchimba makaburi?"

Kwa asiyeijua, Haneti iko wilaya ya Chamwino, kando ya barabara kuu inayotoka Dodoma kwenda Kondoa, Babati na Arusha. Wafanyabiashara wa vito wanaijua kwa sababu ya jiwe la kijani linalochimbwa kwenye vilima vyake. Mimi nimeijua kwa bundi, kwa maana kikao kile hakikufukuza kazi yangu, kiliirefusha tu. Tulikubaliana nichore ndege wa Haneti wenyewe, na suala la bundi lingezungumzwa nikishaonyesha ninajua ninachokichora. Nilianza kuuliza, kukesha na kusoma. Haya ndiyo niliyoyapata.

1. Wapo waliomjua bundi kwa macho, sisi tumemjua kwa sikio

Niliwaomba watoto wa darasa la tano wanichoree bundi bila kuangalia popote. Karibu wote walimchora mdomo wazi. Macho yalikuwa nukta mbili ndogo, mdomo ulikuwa pango. Mtoto mmoja hakuchora ndege kabisa: alichora paa la nyumba ya tembe, na juu yake mistari ya sauti ikitawanyika. Nadhani huyo ndiye aliyechora vizuri kuliko sisi sote.

Hapo ndipo niliposhika uzi wa jambo hili. Uso wa bundi ni bapa, macho yote mawili yanatazama mbele, mdomo umezama kwenye manyoya. Ukimwona mchana, ametulia, unaona mtu mzima anayetafakari. Wagiriki wa kale walimwona hivyo. Bundi mdogo aliishi kwenye majengo yao ya mawe na wakamfanya ndege wa Athena, mungu wao wa hekima. Katika karne ya 5 kabla ya Kristo, sarafu ya fedha ya Athene ilikuwa na Athena upande mmoja na bundi upande wa pili, na hadi leo sarafu ya euro 1 ya Ugiriki ina bundi yuleyule. Bundi wa mwalimu, mwenye kofia ya mahafali, ni mjukuu wa sarafu ile.

Mtu wa Haneti hakutani na uso. Anakutana na sauti, usiku, akiwa amelala chali, na sauti inatoka juu ya paa lake mwenyewe. Bundi mweupe, yule anayependa kukaa karibu na watu, wala halii ule mlio mzito wa kwenye filamu. Anakwaruza, mkwaruzo mrefu wa koo lililobanwa. Sauti isiyo na mwili, msikilizaji anaitafutia mwili, na miili iliyo karibu na mawazo ya usiku ni ya wachawi na wafu. Ndiyo maana kurasa za michezo zikitaka kusema klabu imeandamwa na mikosi, zinaandika kwamba bundi ametua, na hakuna msomaji anayehitaji maelezo.

Nisiwape Wazungu sifa ya umoja wasiokuwa nao. Goya wa Hispania, katika mchoro wake maarufu wa mwaka 1799, alimlaza mtu mezani na kumzungushia bundi na popo wanaotoka gizani mara tu akili inaposinzia. Kabla yake mchoraji Bosch aliwachomeka bundi kwenye pembe za picha zake nyingi, na wataalamu bado wanabishana walikuwa na maana gani, ila hakuna anayedai ni bundi wa kuchekea. Kijijini Ulaya, bundi aliyelia karibu na nyumba alitisha kama anavyotisha Haneti. Tofauti ni kwamba wao walikuwa na picha mbili mezani, ya sikio na ya jicho, na waliotunga vitabu vya shule walichagua ya jicho. Sisi tuliletewa hiyo peke yake, tukaambiwa ndiyo bundi.

2. Bundi si mmoja

Hili lilinilia muda kuliko yote, na ndilo lililonipa raha kuliko yote. Kwa Kiswahili cha kawaida tunasema bundi tukamaliza. Lakini mwenye kuchora akimaliza hapo, atachora kinyago.

Wa kwanza ni huyo mweupe wa mapaa. Uso wake una umbo la moyo, tumbo jeupe lenye madoadoa machache, mgongo wa rangi ya asali iliyonyunyiziwa majivu. Hana pembe za manyoya kichwani. Anataga kwenye dari, kwenye shimo la mbuyu, au kwenye kiota kikubwa cha fundichuma, yule ndege wa mabwawani mwenye kichwa cha nyundo ambaye naye ana visa vyake.

Wa pili ni bundi mkubwa wa kijivu, mkubwa kuliko bundi wote wa Afrika, urefu wake hupita sentimita 60. Nilimwona kwenye mgunga mkubwa karibu na korongo la mchanga. Alifumba macho na kope zake zikawa na rangi ya waridi. Kope za waridi! Nilidhani ni mwanga wa jioni, nikasubiri afumbe tena. Ni waridi kweli. Ndege ambaye watu wanamwita askari wa kaburini amepakwa wanja na Mungu. Anakula mpaka kalunguyeye; humchuna, ngozi yenye miiba akaiacha chini ya mti. Wachungaji wengi wameshaziona ngozi hizo bila kujua ni kazi ya nani.

Wa tatu ni kibundi cha madoa meupe, kirefu kidogo tu kuliko kiganja cha mkono wangu, kinachotembea hata mchana. Watoto wanaochunga mbuzi wanakijua kuliko sisi, maana ndege wengine wadogo hukizomea na kukifukuza, na makelele hayo ndiyo yanayokifichua. Kisogoni kina alama mbili nyeusi zenye ukingo mweupe, uso wa bandia. Ukikizunguka ili ukishike kwa nyuma, unajikuta bado unatazamwa. Nilikichora kikiwa kimetupa mgongo, na mpaka leo watoto wanabishana kiko mbele au nyuma.

Yuko pia mdogo zaidi wa rangi ya gome, mwenye pembe mbili za manyoya, anayejinyoosha akibanana na shina mpaka macho yako yanampita. Usiku hutoa mlio mmoja mfupi, hunyamaza sekunde chache, hutoa mwingine, saa nzima. Wengi wanaamini ni mdudu au chura.

Hao ni wa nyanda zetu kavu. Ukitoka nje ya Dodoma mambo yanazidi. Pemba kuna bundi mdogo asiyepatikana popote pengine duniani, aliyeandikwa kwenye vitabu vya sayansi mwaka 1937. Bundi mwingine mdogo anaishi kwenye msitu wa Arabuko-Sokoke, Kenya, na kwenye misitu ya chini ya Usambara Mashariki, basi. Mlima Kenya una bundi mkubwa aliyepewa jina la Mackinder, Mwingereza aliyefika kilele chake mwaka 1899. Watalii hulipa nauli ya ndege kuja kuwaona ndege ambao sisi tunawapiga mawe bure.

3. Mgonjwa, taa na masikio ya waliokesha

Msibani nimesikia mara nyingi: "Bundi alilia hapa siku tatu mfululizo." Siwezi kusema wanadanganya. Alilia kweli. Lakini alilia pia wiki iliyotangulia, na kwa jirani asiye na mgonjwa, ila watu walikuwa wamelala. Nyumba yenye mgonjwa haizimi taa na haina anayelala. Taa inavuta wadudu, wadudu wanavuta bundi wadogo, makombo ya chakula cha wanaouguza yanavuta panya, na panya wanavuta bundi mweupe. Halafu yapo masikio yaliyo macho kuhesabu kila mlio.

Sijawahi kusema haya msibani, wala sitasema. Pale ni mahali pa kukaa, kutoa rambirambi na kunyamaza.

4. Kabla ya kuchora ndege, fungua alichotema

Chini ya mbuyu mmoja uliopo kwenye njia ya Chenene kulikuwa na madonge meusi, makavu, ukubwa wa kidole gumba. Nilidhani ni kinyesi cha fisi mdogo. Mwalimu wa sayansi, ambaye alikuwa ameanza kunifuata kwenye safari zangu, akasema ni matapishi ya bundi. Bundi mweupe hummeza panya mzima. Kwa kuwa tumbo halisagi manyoya wala mifupa, mabaki hukusanywa yakawa donge na kutemwa. Tulibeba mfuko mmoja mpaka darasani, tukayalowesha kwenye maji ya moto, watoto wakayafumua kwa njiti.

Yalitoka mafuvu. Mafuvu ya panya yenye meno ya njano bado yamekaa sawasawa, taya, mbavu nyembamba kama uzi, fuvu moja la kirukanjia lenye pua ndefu. Watoto waliyapanga kwenye karatasi na gundi. Msichana mmoja alinyanyua mkono akauliza: "Mwalimu, kwa hiyo bundi ni paka?" Sijasikia maelezo bora ya ikolojia.

Panya mwenyewe, yule wa kahawia wa mashambani, si adui mdogo. Jike anaweza kuzaa watoto 10 na zaidi kwa mkupuo mmoja, na mvua zikipishana na kawaida yake, idadi hulipuka mpaka mkulima anapanda mahindi leo na kesho asubuhi anakuta mashimo kwenye mstari. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, wamemfuatilia panya huyu kwa miongo. Waliwahi hata kusimika miti ya kutulia na masanduku ya viota mashambani ili kuwavuta ndege wawindaji. Matokeo hayakuwa ya miujiza. Panya ana uzazi unaomshinda mwindaji yeyote. Nalisema hili kwa makusudi, kwa kuwa wapo wanaompenda bundi mpaka wanamgeuza dawa ya kila kitu. Bundi peke yake hamalizi panya. Anawapunguza, bure, kila usiku, bila kukutaka umnunulie chochote. Kwenye Bonde la Mto Yordani, wakulima wa Israeli walianza miaka ya 1980 kuweka masanduku ya viota, na wenzao wa upande wa Yordani wakafuata baadaye, ingawa nao walikuwa wamekuzwa wakiambiwa bundi ni nuksi.

Namna anavyowinda inastahili ukuta mzima. Uso wake bapa ni sinia la kukusanya sauti, na masikio yake yamefichwa chini ya manyoya, tundu moja limekaa juu kuliko lingine, hivyo sauti ya panya inafika kila sikio kwa tofauti ndogo sana ambayo ubongo wake unaitafsiri kuwa mahali. Mmarekani Roger Payne alimfungia bundi mweupe kwenye chumba chenye giza totoro, sakafu imetandazwa majani makavu, akaachia panya. Bundi alimkamata. Matokeo hayo yalichapishwa kikamilifu mwaka 1971. Manyoya ya ukingo wa mbawa yana meno laini yanayovunja upepo, ndiyo maana akikupita kichwani husikii kitu. Ndege tunayemjua kwa sauti yake anaishi kwa kusikiliza na kwa kutosikika.

5. Misikiti na makanisa yalishasema

Haneti ina Waislamu na Wakristo, Wagogo na Warangi na wengine, na nilipokwenda kuomba ushauri nilitegemea kukemewa pande zote mbili. Ustadhi alinikalisha kwenye mkeka akanikumbusha kwamba Waarabu wa kabla ya Uislamu waliamini kuna ndege anayetoka kwenye kichwa cha aliyeuawa, analia mpaka kisasi kilipwe, na wengi walimfananisha na bundi. Mtume, rehema na amani zimshukie, aliikanusha imani hiyo waziwazi, pamoja na kupiga ramli kwa ndege. "Sasa wewe," akaniambia, "unaniuliza kama bundi ana nuksi?"

Mchungaji naye alinipeleka Zaburi ya 102, ambapo mwenye kuomba akiwa katika dhiki anajifananisha na bundi wa mahameni. Mtu hawezi kujifananisha na shetani akiwa anamwomba Mungu, alisema. Bundi pale ni mpweke tu.

Nilipeleka majibu yote mawili kwenye kamati. Wazee walisikiliza kwa heshima, wakatikisa vichwa, na mmoja akasema: "Hayo ni ya dini. Paa ni langu." Imani ya paa haisomi vitabu.

6. Waliochora zamani walikuwa na subira kuliko mimi

Nilipanda basi mpaka Kolo, Kondoa, kwenye michoro ya miambani iliyoingizwa na UNESCO kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006. Mary Leakey aliinakili mwaka 1951 kwa miezi, akiwa juu ya ngazi na karatasi zinazopenyeza mwanga, na kitabu chake kikatoka mwaka 1983. Nilikwenda kutafuta bundi. Katika kuta nilizoonyeshwa kulikuwa na twiga, tembo, pofu, watu warefu wembamba wenye vichwa vya ajabu, rangi nyekundu ya mawe iliyokaa kuliko rangi yoyote niliyowahi kununua dukani. Bundi sikumwona. Sikushangaa: wawindaji waliochora pale walichora walichokiwinda na walichokiota, na bundi hakuwa nyama.

Walakini yuko mmoja wa mbali. Mwezi Desemba 1994, watu watatu waligundua pango la Chauvet kusini mwa Ufaransa, na kwenye ukuta wake laini kuna bundi aliyechorwa kwa kidole miaka zaidi ya 30,000 iliyopita. Mistari michache tu, manyoya ya mgongo yameteremka wima. Mgongo. Mwili umetupa kisogo, uso unatutazama. Yule mchoraji wa kale alijua kwamba bundi anageuza shingo mpaka nyuma, jambo ambalo mwalimu wa sayansi alinithibitishia: macho yake hayazunguki ndani ya kichwa, kwa hiyo shingo ndiyo inayofanya kazi, nyuzi 270. Aliyelijua hilo hakulisikia kwa mtu. Alimkalia bundi.

Wamisri wa kale nao walimwona. Katika maandishi yao ya picha, bundi ni herufi ya sauti "m". Ndege wengine wote wa maandishi hayo wanatazama pembeni. Bundi peke yake amekaa pembeni lakini uso ameuleta mbele. Sheria ya uchoraji ikavunjwa kwa ajili yake, kwa sababu bundi wa uso wa upande si bundi.

Picasso alipokuwa Antibes mwaka 1946 aliletewa bundi mdogo aliyeumia mguu, akamtunza, akamchora, na baadaye akafinyanga bundi wa udongo kwa miaka. Bundi wake wana macho ya Picasso mwenyewe, siwapendi sana. Namheshimu zaidi Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza mwaka 1968 jijini Dar es Salaam akipaka ndege na wanyama kwenye mbao za mraba kwa rangi ya baiskeli, akafa kwa risasi mwaka 1972. Wanafunzi wa wanafunzi wake wanauza bundi siku hizi, macho makubwa, rangi za pipi, kwa wageni. Mswahili hanunui bundi wa kutundika sebuleni. Hilo nalo ni somo la soko.

7. Ndege anayeleta njaa hana jina baya

Kweleakwelea wakishuka kwenye uwele na mtama wa Dodoma, familia nzima inahamia shambani. Watoto wanaacha shule kukaa kwenye dungu na kombeo. Mavuno ya mwaka yanaweza kuondoka kwa juma moja. Hakuna anayemwita kweleakwelea mchawi. Anaitwa ndege mharibifu, serikali inaombwa ndege ya kunyunyizia sumu, basi. Sumu hiyo nayo haichagui. Bundi na vipanga wanaookota kweleakwelea waliokufa au wanaotapatapa hufa pamoja nao.

Bundi hali punje hata moja.

8. Mahali pa kumweka ukutani ni nusu ya maana yake

Tulirudi kwenye kikao. "Mbukwenyi," nikawasalimu, wakaitikia, na nikatandaza michoro yangu ya penseli kwenye meza: tai, kanga, hondohondo, fundichuma, na bundi wanne. Karatasi ya mafuvu ya panya niliiweka pembeni bila kusema kitu. Wazee waliishika hiyo kwanza.

Mjadala ulikuwa mrefu, nao haukuwa wa ujinga hata kidogo. Masharti yalitoka matatu. Bundi asikae juu ya mlango, kwa sababu mlango ni wa baraka na kila anayeingia hupita chini yake. Asimkodolee macho anayeingia. Na sharti la tatu, ambalo lilitoka kwa yule mzee wa makaburi: "Mpe panya mguuni."

Sharti hilo la tatu lina thamani kuliko mafunzo yote niliyopata chuoni. Bundi wa kofia ya mahafali hana kazi. Amekaa juu ya vitabu kama mtu wa ofisi asiye na mafaili. Bundi wa mzee ana panya, maana yake ana sababu ya kuja kwenye nyumba yako, na sababu hiyo si wewe. Mchoro ukapata hadithi inayosomeka na asiyejua kusoma.

Nilimweka ukuta wa mashariki, juu ya kihenge cha mtama, usiku wa bluu nzito, mbawa zimefunguka, uso umegeukia panya. Mgongo niliupata kwa kuchanganya njano, kahawia na nyeupe, halafu kijivu kwa ncha ya brashi kavu. Chini mwalimu aliandika jina na urefu wa kila ndege, akasahau miwani na kofia. Mama mmoja anayeuza maandazi getini alisema ndege mzuri, ila mwanawe bado huingia maktaba akiwa ameshikilia ukuta wa magharibi. Sina la kumfanya.

9. Akiwa darini, acha jiwe, acha sumu

Tangu kazi ile watu wananiita kwa jambo moja: "Fundi, kuna bundi darini, njoo." Nawajibu hivi.

Kwanza, Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu kumuua ndege wa porini bila kibali. Pili, kelele unazozisikia zaidi ni za vifaranga wanaoomba chakula. Jike huanza kuatamia akitaga yai la kwanza, kwa hiyo vifaranga huanguliwa kwa zamu na wanapishana ukubwa, mkubwa ana manyoya, mdogo yu karibu uchi. Mayai huatamiwa takriban siku 30, na vifaranga huhitaji kama wiki 8 au 9 kabla ya kuruka. Jumla ni kama miezi mitatu ya kuvumilia. Tandika nailoni nene juu ya mbao za dari kama unaweza kufika bila kuwashtua, kwa ajili ya uchafu na harufu, maana harufu ipo na sitakudanganya. Wakishatoka wote, ziba tundu kwa wavu wa chuma, mchana, baada ya kuhakikisha hamna aliyebaki.

Sumu ya panya ni habari nyingine. Zile zinazozuia damu kuganda hazimuui panya papo hapo. Huzurura siku kadhaa akiwa mlegevu, na bundi anamchukua huyohuyo kwa kuwa ni rahisi. Ukiwa na bundi darini na sumu ghalani, umelipa pesa ili uwe na panya zaidi mwakani.

Ukitaka abaki jirani bila kulala juu ya kichwa chako, tundika sanduku la mbao kwenye mti mkubwa mbali kidogo na nyumba, mlango mpana wa kiganja na nusu, sakafu ya kutosha vifaranga wanne, paa linaloinama ili mvua isiingie. Seremala wa pale senta ya Haneti alinitengenezea la kwanza kwa mbao za masalia, hakuchukua hela. Nilipomwagiza la pili alisema nitalipa bei kamili, na la kwanza tulihesabu kama mzinga, kwa kuwa nyuki walilihamia kabla ya bundi kuliona.